Bido Iliyobaki Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sumaya hufagia kiwanja, huchota maji bombani, kisha humpelekea chai nyanya yake, ambaye mtaa mzima hapa mjini Baraka unamwita Koko Zaituni. Juma lile alijiongezea kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma: kufuta vumbi kwenye gari la baba yake mdogo, Swedi, mwenye boti za kubeba mizigo ziwani. Gari lenyewe lilikuwa la mitumba, lakini viti vilikuwa bado vimefunikwa nailoni, na Swedi alikataa katakata isitolewe. Majirani walimcheka chinichini. Sumaya hakucheka hata kidogo, maana kwake hakukuwa na gari zuri kama lile kutoka Uvira mpaka Fizi.

Alichokipenda zaidi kilikuwa kioo kidogo nyuma ya usukani. Gari likiwashwa, kioo kinaonyesha saa, joto la nje, na namba ya kilomita zilizobaki kabla ya mafuta kuisha. Swedi alimfundisha kuisoma namba ile siku alipolileta gari, na tangu hapo kazi ya kuisoma ikawa ya Sumaya. "Huyu mutoto iko na akili sana," Swedi aliwaambia wageni, na Sumaya akavimba kichwa.

Alhamisi asubuhi simu iliita kabla chai haijachemka. Mzee Mahmudu, kaka wa pekee wa Koko Zaituni, alikuwa amefariki alfajiri huko Fizi. Koko hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye jamvi, ameshika ncha ya kitenge chake, kisha akauliza swali moja tu.

"Banamuzika saa ngapi?"

"Nyuma ya sala ya adhuhuri, Mama," Swedi alijibu. "Bamesema habatangoja muntu."

Hakuna aliyeshangaa, maana Waislamu wa kando ya ziwa hawamlazi marehemu bila sababu kubwa. Koko alitaka kumwona kaka yake usoni mara ya mwisho, basi. Hakuwa na haja nyingine asubuhi ile. Swedi naye alitaka kumbeba begani mjomba aliyemlea, na kumtupia udongo kwa mikono yake mwenyewe.

Swedi akaanza kuzunguka nyumba, akiingia na kutoka, akitafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika. Esansi, yaani petroli, ilikuwa imeadimika mjini. Ziwa lilikuwa limechafuka, boti za kutoka Kigoma hazikuwa zimevuka, na wauzaji wa barabarani walikaa na chupa tupu mezani. Hapo nyumbani ilibaki bido moja tu, dumu la njano la esansi lililowekwa nyuma ya jiko kwa ajili ya injini za boti.

"Sumaya! Beba ile bido uweke nyuma ya gari!" Swedi alipaza sauti. "Mi naenda kusaidia Mama avae."

Sumaya aliinua bido. Kifuniko kilikuwa kinavuja, na harufu ikampanda kichwani mara moja. Alitazama gauni lake la Idi, safi, lililopigwa pasi. Akaiweka bido chini. Rafiki yake Ketsia, binti wa jirani, alikuwa amesimama kwenye ua na mkoba wa shule mgongoni.

"Unaiacha?" Ketsia aliuliza. "Baba yako mudogo amesema uweke."

"Harufu yake inanitapisha. Tena jana kioo kilisema sitini na nane. Fizi haifike hata kilomita arobaini. Fanya hesabu."

Ketsia akafanya hesabu kwa vidole, akaridhika na jibu, lakini uso wake haukuridhika. "We ndiye unajua mambo ya gari," alisema. "Lakini mi, baba akinituma, ningeweka tu."

Muda si muda Koko aliketi kiti cha mbele, tasbihi mkononi. Swedi akawasha gari, akageuka nyuma. "Bido iko?"

"Iko," Sumaya akasema. Ni neno fupi sana, wala halikumsumbua wakati ule.

Mwanzo safari ilikuwa raha. Barabara ilikuwa tambarare, upepo ukiingia dirishani, na namba ilishuka kwa kujivuta. Sumaya aliisoma kwa sauti, akichungulia katikati ya viti. "Sitini na mbili, baba mudogo!" Swedi akatabasamu licha ya huzuni. "Unaona, Mama? Hii gari imenitoa Uvira bila kunisumbua."

Kisha mlima ukaanza. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza barabara kuwa tope, na gari likawa linanguruma kwa gia ya chini, likiteleza na kujivuta. Sumaya akatazama kioo, akadhani ameona vibaya. Namba ilikuwa arobaini na moja. Kona mbili mbele, ishirini na tisa. Hakuisoma tena kwa sauti. Alihama dirisha la kushoto akaenda la kulia, akarudi katikati, na nailoni ya kiti ikawa inalia kila alipojisogeza.

"We mutoto, juu ya nini hautulie?" Koko aliuliza.

"Hakuna kitu, Koko."

Walipofika kwenye kibanda kimoja kando ya barabara, waliwakuta madereva wawili wa pikipiki wakihangaika na gurudumu lililopasuka. Koko akamgusa Swedi mkono. "Simama uulize bale kama biko na esansi. Hii namba yenu mi siipendi."

"Juu ya nini, Mama? Tutapoteza wakati bure. Bido iko."

Sumaya alifungua mdomo. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akaufunga mdomo, na kibanda kikabaki nyuma.

Hawakufika mbali. Kwenye mwinuko mkali gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Pale palipokuwa na namba kioo kilionyesha vistari tu. Swedi akavuta breki, akafungua mlango bila wasiwasi wowote. "Si kitu, Mama. Namwaga bido, tunaenda."

"Baba mudogo," Sumaya akaita. "Bido haiko. Niliiacha nyuma ya jiko. Nilikudanganya."

Swedi alisimama mguu mmoja ukiwa ndani na mwingine nje. Aliyesema ni Koko, tena alisema huku akishuka: "Basi mi nakwenda kwa miguu." Akaanza kupanda mlima katika tope, ameinua kitenge, nyonga yake mbovu ikimyumbisha. Sumaya alipomwona vile hakungoja kutumwa. Alivua viatu, akageuka na kukimbia kurudi kule kwenye kibanda.

"Yaya, tusaidie!" alimwambia dereva wa kwanza, akimwita kaka kwa heshima, huku akihema. "Koko yangu anaenda kwa maziko ya kaka yake, na gari imeishiwa esansi. Ni kosa yangu."

Dereva yule, aliyeitwa Bienfait, alitikisa tangi la pikipiki yake akasikiliza. "Esansi yangu ni ya kufika Fizi tu, siwezi kukutolea. Na piki ya mwenzangu, unaona, haina gurudumu. Lakini muntu mumoja naweza kubeba. Panda, unionyeshe."

Koko Zaituni alikuwa ameapa kwamba hatapanda tena pikipiki, tangu siku ilipomwangusha akaumia nyonga. Aliitazama ile pikipiki, akamtazama na Bienfait. "Sawa, mutoto wangu. Lakini ukiniangusha, na we utalala hapo hapo pembeni yangu." Akapanda, akamkumbatia kijana yule kwa nguvu, wakapotea kwenye kona.

"Na wewe, baba mudogo?" Sumaya aliuliza. "Si unaweza kupanda kwa miguu?"

"Nikuache peke yako na gari barabarani? Hapana."

Wakakaa. Swedi hakufoka, na Sumaya angependa afoke. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Alikwenda mpaka kwenye kona kutazama kama kuna mtu anakuja, akarudi, akaenda tena. Jua likafika utosini. Swedi akatandaza shuka kwenye majani, akasali peke yake, na alipomaliza alibaki amekaa pale pale, viganja wazi mapajani. Sumaya alijua kwamba wakati huo watu wa Fizi walikuwa wanainua jeneza, na kwamba bega moja halikuwepo.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Bienfait aliporudi na chupa mbili za esansi zilizotumwa na jamaa.

"Koko amefika?" Sumaya alimrukia na swali.

"Amefika. Balikuwa bamekwisha kufunga sanda. Balipomuona, bakaifungua tena kwa uso. Amemuona kaka yake."

Sumaya akashusha pumzi. Swedi akauliza polepole, "Na maziko?"

"Bamekwisha kuzika, papa. Pole sana."

Walipofika kwenye nyumba ya msiba, wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini. Walijipanga kunawa kwa maji ya birika, mikono yao yote imejaa udongo mwekundu. Swedi akasimama kando yao. Mikono yake ilikuwa safi, inanuka esansi tu. Mtu mmoja akamsogezea birika kwa mazoea, akaitazama mikono ile, akaliondoa. Sumaya aliona, akaangua kilio.

"Nisamehe, baba mudogo. Ile kioo ilinidanganya."

Swedi alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, akachuchumaa ili watazamane.

"Kioo hakikukudanganya," alisema. "Kinahesabu kwa barabara yenye gari imetoka. Hakijue mulima yenye iko mbele. Na mi pia nilikosea, nilikiamini kama vile kiko na macho. Lakini ile bido, kioo hakikujua kama haiko. We ulijua. Nikakuuliza, ukasema iko. Mama alitaka tuulize esansi pale kwa kibanda, mi nikakataa juu ya neno yako."

Sumaya aliinamisha kichwa, machozi yakidondoka kwenye gauni la Idi, ambalo sasa lilikuwa na tope hadi magotini.

Kesho yake jamaa waliwatafutia bido nyingine ya kurudia nyumbani. Sumaya aliibeba mwenyewe, akaikumbatia kifuani ingawa ilivuja, akaiweka nyuma ya gari. Harufu ilimpanda kichwani kama ya kwanza, lakini hakuikimbia.

"Bido iko?" Swedi aliuliza.

"Iko, baba mudogo."

Swedi akashuka, akazunguka nyuma, akafungua mlango, akatazama kwa macho yake. Sumaya akauficha uso kwa viganja. Baba yake mdogo aliporudi kwenye usukani alisema bila ukali:

"Najua inauma. Lakini sikiliza. Neno yako ilikuwa imejaa mpaka juu, na jana uliimwaga yote. Sasa utaijaza tena chupa kwa chupa, ni vile bale ba barabarani banauzaka esansi. Mi nitakuwa naangalia. Siku moja sitaangalia, na we utajua imejaa."

"Amesikia," Koko Zaituni alisema kutoka kiti cha mbele. "Twende, na hii nailoni muitoe, inanichoma."

Ilichukua muda mrefu. Mvua ziliisha, kiangazi kikaja, na kila safari Swedi aliuliza, akajibiwa, akashuka kuangalia. Kisha asubuhi moja, walipokuwa wanakwenda Fizi kusafisha kaburi la Mzee Mahmudu, alikaa kwenye usukani na kugeuka nyuma kama kawaida.

"Bido iko?"

"Iko, baba mudogo."

Swedi akawasha gari, wakaondoka.