Majibu Mawili ya Swali la Tisa

Jumamosi, soko la Suva, mji mkuu wa Fiji, halina pa kuweka mguu. Ghorofa ya juu, wanakouza yaqona, mizizi ya kinywaji cha kienyeji, vumbi la mizizi iliyotwangwa hujaa hewani, na mgeni hawezi kukatiza bila kupiga chafya. Unaisi alipiga tatu mfululizo. Faili likamponyoka na makaratasi yakatawanyika sakafuni.

"Chafya tatu," alisema muuzaji mmoja akiinama kumsaidia kuokota. "Huku kwetu maana yake unatafuta mchumba."

"Huku kwenu wapi?"

"Hapa. Meza ya kumi na mbili."

Jina lake lilikuwa Inoke. Alikuwa mrefu, amevaa shati la maua ya bluu na sulu nyeusi, kile kikoi cha Kifiji, iliyopigwa pasi ikasimama, na kalamu sikioni, akijua fika kwamba inampendeza. Unaisi alikuwa na gauni la rangi ya chungwa juu ya sulu ndefu, na nywele zake nene alizichana zikasimama kama wafanyavyo wanawake wanaojipenda. Alijikaza asicheke, akashindwa.

"Nina maswali kumi," alisema. "Chuo kinapima watu wanawaonaje wagonjwa wa akili. Unajibu: sikubali kabisa, sikubali, nakubali, nakubali kabisa. Hakuna jibu la kosa."

"Kaa basi. Ukisimama nitajibu vibaya."

Unaisi alikaa juu ya gunia. Je, Inoke angekubali kuwa jirani na mtu aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili?

"Nakubali. Mwone huyu wa meza ya kumi na moja, nina miaka sita naye."

"Ndugu, jibu swali tu."

"Nimejibu. Andika."

Angefanya kazi naye? Nakubali. Angemwachia watoto awaangalie? Inoke alifikiri kidogo, akasema nakubali. Walipofika swali la tisa, kama angekubali kufunga ndoa na mtu huyo, utani ulimtoka usoni.

"Nakubali kabisa," alisema. "Si mtu bado?"

Penseli ya Unaisi ilisita. Kabla ya hapo alikuwa amehoji watu mia na arobaini na sita, na hakuna hata mmoja aliyelijibu lile swali bila kwanza kutazama pembeni. Alizungushia jibu, akaandika 147 juu ya karatasi, akaomba namba ya simu.

"Umeanza mapema," Inoke alisema.

"Ni kwa ajili ya msimamizi wangu. Huwapigia baadhi ya watu awaulize tena, ahakikishe sikujijazia nyumbani."

"Na wewe je, utanipigia uhakikishe nini?"

Kanuni za kazi zilikataza. Unaisi alizijua kwa moyo, na jioni ile ile alipiga.

"Nilijua," Inoke alisema kabla ya salamu.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukuniandika vizuri. Jina langu lina o moja tu, mama. Rudi Jumatatu ulirekebishe."

Alirudi. Wiki sita walipendana waziwazi, mji mzima ukiwaona: wakila roti, chapati za viazi zilizofungwa karatasini, kituo cha mabasi, wakitembea kando ya ukuta wa bahari huku mvua ya Suva ikiwanyeshea bila wao kukimbia. Inoke alimwita "dodoso langu." Naye Unaisi alimwita "meza ya kumi na mbili," na akimkasirikia, "meza ya kumi na moja." Mimi ni mmoja wa waliowaona, na nilifurahi, sitaficha.

Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, Unaisi alipiga moyo konde. Walikuwa wamekaa ukutani, viatu pembeni.

"Kuna jambo nataka ulijue kabla hujawaleta wazee kwetu kuposa," alisema. "Mwaka juzi, baba alipofariki, niliacha kulala. Kisha nikaanza kusikia watu wanaongea nami, na hawapo. Nililazwa kule kilimani, hospitali ya wagonjwa wa akili, wiki kumi na moja. Nimepona, Inoke, lakini nameza dawa kila siku, na daktari anasema nisiache."

Inoke akamkumbatia.

"Nilishakujibu sokoni," alisema.

Unaisi alilia kwa furaha hadi kola ya shati la watu ikalowa. "Mwambie mama yako," alisema. "Sitaki waje bila kujua. Niahidi."

"Nitamwambia leo."

Jumatano Inoke akapiga simu. Ameshamwambia, mama hana neno, Jumamosi wanakuja na tabua ya posa. Sauti yake ilikuwa ya haraka kidogo. Unaisi aliisikia ile haraka, akaamua ni furaha.

Alhamisi, ofisini, Bi Kamla alimwita. Bi Kamla alikuwa msimamizi wa utafiti, mama wa makamo mwenye sari za kijani na macho yasiyokosa tarakimu iliyopinda. Alikuwa ameweka karatasi mbili mezani: moja kwa mwandiko wa Unaisi, nyingine ya marudio, aliyoijaza mwenyewe kwa simu Jumanne.

"Mia na arobaini na saba," alisema. "Ulikaa na huyu mtu kweli?"

"Nilikaa naye, Bi Kamla."

"Majibu mengine yote yanafanana. La tisa, kwako amesema nakubali kabisa. Kwangu amesema sikubali kabisa, tena hata sijamaliza kuuliza. Mtu hahami kutoka mwisho huu hadi ule kwa wiki sita. Nani aliandika jibu hili, binti, yeye au wewe?"

Unaisi alizitazama zile karatasi. Zilikuwa zimelala bega kwa bega, na Jumanne ilikuja siku mbili tu baada ya ile Jumapili. Angeweza kusema: hakubadilika bila sababu, amenijua mimi. Lakini katika ofisi ile, ambako kazi ya kila mtu ilikuwa kuhesabu aibu za watu wengine, hakuna aliyejua kwamba Unaisi aliwahi kulazwa, na swali la sita la dodoso lilikuwa juu ya kumwajiri mtu wa namna hiyo.

"Nilikosea kuzungushia," alisema.

Bi Kamla aliandika: kosa la mhojaji. Unaisi alitia sahihi chini yake. Ilikuwa rahisi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alikwenda moja kwa moja sokoni. Inoke alipomwona alitabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Jumanne ulipigiwa simu," Unaisi alisema.

"Unaisi, subiri."

"Ulijibu nini swali la tisa?"

"Mama alikuwa amekaa hapa, karibu kama wewe. Simu ina sauti kubwa. Ningesema nini?"

"Ungesema ulichoniambia mimi. Kumbe alikuwa bado hajaambiwa. Hiyo ilikuwa nafasi yako."

Inoke alichukua kitambaa akaanza kufuta mezani palipokuwa safi.

"Umemwambia hadi leo?" Unaisi aliuliza.

"Nitamwambia. Tukishaoana, akishakuzoea. Mama akikuzoea hataona kitu."

"Na dawa zangu?"

"Nimefikiria. Utaziweka kwenye kopo la vitamini. Nani atajua?" Alimshika mkono. "Laazizi, nakupenda. Hilo si uongo. Nisaidie kidogo tu."

Hakuwa mwongo, yule kijana. Angekuwa mwongo, Unaisi angeondoka zake na hadithi ingeishia pale. Alimpenda kweli, na alitaka mapenzi yake yakae katika kopo ambalo mama yake halifungui. Unaisi naye alichoka. Alifikiria mwaka mmoja wa kopo la vitamini, kisha miaka ishirini, na nitakwambia jambo ambalo yeye mwenyewe hapendi lisemwe: siku ile alikubali.

"Njooni Jumamosi," alisema.

Walikuja saa nne asubuhi, nyumbani kwa baba mkubwa wa Unaisi kule Raiwaqa, watu tisa na mikeka mizuri yenye nyuzi za rangi pembezoni. Wanawake wa nyumbani walikuwa jikoni wakichemsha mihogo na samaki kwa tui la nazi. Mama yake Inoke hakukaa na wageni. Aliingia jikoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akamkumbatia Unaisi akamnusa shavuni, ndilo busu la kwao.

"Mwanangu," alisema. "Nilikuwa naogopa ataniletea nini. Mji umeharibika huu. Jirani yangu kaletewa mkwe, kumbe alishatoka kule kilimani, wamefichwa hadi siku ya harusi. Mwaka wa tatu sasa hawaongei. Mimi nikamwambia Inoke, lolote lile, ila hilo hapana. Namshukuru Mungu kwa ajili yako."

Akambusu tena, na mapenzi ya mama yule hayakuwa na unafiki hata chembe.

Sebuleni msemaji wa kina Inoke alikuwa ameshapiga magoti. Tabua ilikuwa mikononi mwake, jino la nyangumi lililoiva rangi ya asali, kamba ikining'inia, na maneno ya heshima yalikuwa yanaelekea mwisho. Baba mkubwa alikuwa anasogea kuipokea. Ikishapokewa, imekwisha, hakuna wa kurudi nyuma.

Unaisi alitoka jikoni. Msichana anayeposwa hatoki. Msemaji akakatiza maneno yake.

"Baba, nisamehe, usipokee kwanza," alisema, akapiga magoti mlangoni. "Mama Inoke, mimi nimetoka kule kilimani. Nililazwa wiki kumi na moja, na natumia dawa mpaka leo. Nilitaka usikie kwangu, ukiwa bado unaweza kukataa."

Mama Inoke alisimama nyuma yake, mkono kifuani. Hakutukana wala kupiga kelele. Alimtazama Inoke.

"Ulijua?"

Inoke alikuwa ameinamisha uso.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulijua, na bado unamtaka? Sema. Ukisema unamtaka nitakaa chini mambo yaendelee, nitalia baadaye."

Unaisi anasema alihesabu pumzi zake mwenyewe, nne. Inoke alifungua mdomo, akaangalia wajomba zake mmoja mmoja, akaufunga.

"Asante kwa kutuambia, mama," msemaji alimwambia Unaisi kwa upole. Akaizungushia tabua kamba yake, akaondoka nayo.

Gari lao lilipokata kona, baba mkubwa alikaa kando ya Unaisi juu ya mikeka iliyosahauliwa. Alikuwa mzee wa maneno machache.

"Ungenyamaza dakika moja tu," alisema. "Ningekuwa nimeipokea. Wasingeweza kukuacha."

"Najua, baba."

Simu ya Unaisi ikaita. Aliyepiga alikuwa Inoke. Aliipokea.

"Nilitaka kusema," Inoke alisema huku akilia. "Naapa, neno lilikuwa mdomoni. Nakupenda, Unaisi. Wewe unajua nakupenda."

"Najua," Unaisi alisema. "Nami nakupenda. Lakini mama yako alikuuliza vizuri, Inoke, na alikuwa tayari kukaa chini."