Memori ya Kompyuta ya Kaka

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi redio wa mtaani kwetu, na mpaka leo akiyasimulia hanitazami usoni.

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alimwita aitazame kompyuta ya marehemu. Haikuwa na ubaya ila vumbi tu. Lakini memori yake, kile kibamba cha ndani cha kumbukumbu, ilikuwa kubwa, na kompyuta ya fundi ilikuwa inajikongoja. "Hii imeungua, shemeji," akasema, akaichomoa na kuitia mfukoni. Mjane alimshukuru mpaka jamaa akaona haya.

Kwake akaipachika. Kioo kikabaki cheusi, kompyuta ikalia: mara mbili, kimya, mara moja. Akaichomoa, akaisafisha, akairudisha, ikalia vilevile. Ndivyo kaka yake alivyokuwa akigonga mlango. Akang'oa waya wa umeme ukutani, na taa ya mezani iliyokuwa kwenye waya huohuo ikazimika nayo. Katika giza lile, ikalia tena.

Akaichomoa memori, akatoka mbio kuirudisha kwa shemeji. Korido ya shemeji haikuwa na taa. Akasimama mlangoni, mikono mfukoni, uso unamuwaka kwa aibu, akitafuta la kusema.

Ndani, mjane akauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Nani huyo anayegonga kama mume wangu?"

Fundi alikuwa bado hajaugusa mlango.