Mihogo Juu ya Paneli

Siku ya gulio Kibimba watu hupita kwa kupigana mabega, ndiyo maana Protasi, fundi wa pampu ya sola, alimkanyaga muuza vitenge aitwaye Ineza.

"Fundi, macho umeyaacha kwenye paneli?"

"Nimeyaacha hapa kwako, mrembo."

Akanunua kitenge asichokihitaji. Jioni akapiga simu kuuliza kinafuliwaje. Zikafuata simu nyingine nyingi na vicheko, mpaka wakakubaliana kuoana.

Mwezi Agosti, jua likiwa kali, tangi la kijiji likakauka. Siku tatu akina mama walishuka bondeni kuteka mtoni. Siku ya nne Protasi akafungua uzio, akakuta mihogo iliyomenywa imetandazwa juu ya paneli zote. Jua halikupata pa kupita. Pampu ilikosa nguvu.

Hakuuliza ni ya nani. Kwenye mkutano wa kijiji alisema aliyefanya hivyo hana akili, watu wakacheka. Hapo mama mmoja akainuka taratibu, akasema mihogo ni yake, pale pana joto na mbuzi hawafiki. Wakacheka zaidi. Alikuwa Leonsia, mama yake Ineza. Protasi hakumjua, maana mchumba hakanyagi ukweni kabla ya wazee wake.

Tangu siku ile Leonsia aliitwa Mama Paneli, akaacha kwenda gulioni, akaacha hata kanisa. Protasi alipoambiwa ni mama wa nani akapiga simu, lakini Ineza hakupokea kwa wiki mbili. Alipopokea, sauti ilikuwa asali.

"Yameisha, laazizi. Lete wazee wako Jumamosi. Walete wengi."

Protasi aliamini. Wazee wakaja kutoka Kaniha, kijijini kwao, na pombe ya ndizi, wakiongozwa na baba yake mdogo, Gaspari. Ineza alitoka amevaa gauni la kijani, nywele zimesukwa upya, mzuri wa kutisha. Kwa desturi binti hunywa kwanza kwa mrija, kisha humpa mchumba. Aliushika mrija, hakunywa.

"Fundi, kabla sijanywa. Yule mwanamke asiye na akili ni yupi hapa?"

Leonsia akainamisha kichwa. Gaspari, uso umemwiva, akamwambia kijana wake ainuke waondoke, hawakuja kutukanwa. Protasi aliinuka, lakini alikwenda kupiga magoti mbele ya Leonsia.

"Shikamoo, mama. Asiye na akili ni mimi. Nilifundisha wanaume sita wa kamati ya maji jinsi ya kutunza paneli. Ninyi mnaoteka maji kila siku, sikumfundisha hata mmoja."

"Marahaba, mwanangu." Leonsia alimshika bega, akamwambia binti yake anywe, yaishe.

Ineza akaurudisha mrija kwenye chungu.

"Mama amesamehe. Mimi bado. Matusi ulimpa mbele ya kijiji, msamaha unamletea sebuleni?"

Pombe ikarudi Kaniha, wazee wakilaani njia nzima. Protasi hakulala kwa hasira, kisha kwa aibu. Asubuhi alikwenda kumwomba mwenyekiti aitishe mkutano.

Siku ya mkutano kijiji kilijaa. Ineza alisimama mbele, mikono kifuani, mama yake pembeni. Protasi akasema yote, jasho likimtiririka, akamtaja Leonsia kwa jina na kwa heshima. Alipomaliza alimtazama Ineza, akingoja.

Ineza akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Rudia, mume wangu. Wa nyuma hawajasikia."