Betri Haifungwi Kama Miraa

Kila Jumanne Karwirwa huuza nguo za mitumba sokoni Laare. Sauti yake ni ndogo. Kwa hivyo mumewe, Njura, alimtengenezea spika ya kubeba. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye mkanda wa begani. Njura alitia humo betri sita alizozitoa kwenye kompyuta kuukuu ya mkononi. "Sweta ni hizi, mama! Sweta za baridi!" sanduku liliita kutwa nzima, na wateja wakaja.

Jumanne moja Karwirwa alienda sokoni kwa bodaboda, sanduku mgongoni. Njia ya kutoka kwao ni mawe matupu. Aliposhuka, alisikia mgongo unachoma. Kisha moshi mkali ukamwingia puani.

"Mama, unaungua!" mwendeshaji akapiga kelele. "Tupa hiyo kitu!"

Karwirwa akaitupa mbali, akapiga mayowe. Ndani ya sanduku kitu kikalia pa! Moto ukaruka.

"Rudini nyuma nyote!" Ilikuwa sauti ya Lorna, fundi wa simu hapo sokoni. "Msivute huo moshi! Na mtu asiiguse!"

Lorna akammwagia Karwirwa maji safi mgongoni dakika ishirini nzima, kisha akampeleka zahanati. Alikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja.

Njura alikuja mbio. "Pole sana, Mama Kendi. Ni hii barabara yetu."

Hasira zikampanda Karwirwa hadi utosini. "Barabara ndiyo ilifunga hizo betri? Nijibu, Baba Kendi! Ni barabara ama ni wewe?"



Walirudi sokoni jioni. Sanduku lilikuwa limepoa. Lorna akalifungua kwa koleo. "Na haya majivu meusi ni ya nini?"

"Ni majani ya ndizi niliyofungia betri," Njura akasema. "Mimi nimefunga vitita vya miraa kwa majani hayo miaka kumi. Nikifunga kitu, hakisogei."

"Wacha mchezo!" Lorna akafoka. "Miraa inaliwa kesho yake. Jani likiwa bichi linakaza, sawa. Likikaa wiki linakauka na kunywea. Betri zako zilikuwa zinaruka humu kila shimo la barabara. Na ona hii skrubu ya spika. Ni ndefu, ncha imetokeza ndani. Betri ziligonga hapa hadi zikatoboka. Na jani kavu, Njura! Si ndilo unawashia jiko?"

Karwirwa alikuwa anasikiliza. Ghafla akashika mdomo. "Na sanduku la Makandi?"

Makandi alifundisha watoto kanisani siku ya Jumapili. Njura alikuwa amemtengenezea spika kama hiyo. Kendi, binti yao wa miaka sita, ndiye aliyeruhusiwa kubonyeza swichi.

"Hilo ni zima," Njura akasema polepole. "Nikilichukua, watu watasema mimi si fundi."

"Waseme!" Karwirwa alisimama, kidonda kikamvuta, wala hakujali. "Waseme hadi wachoke! Mgongo wangu haujakutosha? Unataka na uso wa mtoto? Ukiona haya, kaa hapa. Mimi naenda."

Akaondoka. Njura akamfuata ameinamisha kichwa, na Lorna nyuma yao.

Walipofika kwake, Makandi alitaka kuliwasha awaonyeshe kwamba linaimba vizuri. "Usiguse!" wote watatu wakasema. Lorna akalitoa nje polepole, akaliweka chini. Njura akafungua skrubu. Majani yalivunjika mikononi mwake. Betri moja ikajiviringisha hadi kona ya sanduku. Waya mwekundu ulikuwa umesuguliwa na mbao mpaka shaba ikaonekana.

Makandi akaketi kwenye nyasi. "Watoto huwa wanalikalia hilo," akasema.

Njura aligeuka pembeni akalia. Karwirwa hakumbembeleza. Alikuwa na hasira bado, na ilikuwa haki yake.

Siku tatu Njura alishinda kwenye meza ya Lorna. Betri za zamani zilitiwa kwenye mkebe wa chuma wenye mchanga, mbali na nyumba, zingoje wanaokusanya taka za umeme. Akanunua betri mpya.

"Kila betri ikae kwenye kikalio chake cha plastiki," Lorna alimfundisha. "Kikalio kifungwe na skrubu sakafuni mwa sanduku. Skrubu fupi! Juu yake pitisha mkanda. Ukaze, lakini usiziminye betri."

"Na spika?"

"Weka ubao katikati, spika ikae upande wake. Waya ukipita kwenye tundu, vika tundu raba. Ufunge waya usicheze. Tia fyuzi karibu na betri, na saketi ya kuzilinda. Na kitu kinachoshika moto kisikae humo ndani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Halafu tikisa. Kikilia kitu, fungua uanze upya."

Jumapili Njura alipeleka sanduku jipya kanisani. Watoto wakashangilia. Kendi akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ngoja," Karwirwa akasema.

Alilichukua sanduku. Akaliinua, akalipindua juu chini, akalitikisa kwa hasira yote ya wiki ile. Kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

"Mama, utaivunja!" Kendi akalia.

"Afadhali ivunjike kwangu."

Akatikisa tena. Kisha akaweka sikio kwenye ubao, akasikiliza. Njura alisimama mlangoni, hata kupumua hakupumua. Ndani ya sanduku hapakucheza kitu.

Karwirwa akaliweka mezani, akamsogeza mtoto karibu.

"Bonyeza," akasema.