Ndege wa Mgongoni

Kila asubuhi, akielekea shuleni, Njozi aliwavisha watu nguo. Hakuwagusa, aliwavisha kwa macho tu. Muuza maji aliyesukuma mkokoteni kwa fulana iliyotoboka alimvisha koti refu la mahameli ya kijani. Mlinzi wa benki akampa shati la hariri la rangi ya ndizi mbivu. Mama muuza mkaa alimvisha gauni jeupe, kisha akakumbuka masizi, akambadilishia la zambarau. Alipofika darasani mtaa mzima ulikuwa umependeza, na yeye alikuwa amechelewa.

Jina lake halisi lilitumiwa na mwalimu peke yake. Wengine wote walimwita Njozi, kwa sababu ukimtuma chumvi alirudi na sukari, na ukimuuliza kulikoni alikusimulia habari za ukosi wa shati la mwenye duka. Aliyemwelewa ni Shangazi. Huyu alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa Baba alikuwa dereva wa lori na hakai nyumbani, Shangazi aliishi nao na kufanyia kazi katika chumba cha mbele. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia ikakaa katikati, na chumba chote kilinukia kitambaa kipya kilichopigwa pasi. Kazi ya Njozi baada ya shule ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Aliifanya taratibu sana, maana kila pini ilimletea wazo la nguo.

Wiki ile kazi kubwa ilikuwa gauni la Dada. Jumamosi Dada angeondoka kwenda chuo cha uuguzi katika mji wa mbali, na Mama alimnunulia kitambaa cha samawati chenye ndege weupe wadogo, wote wakiruka kwenda juu. Kilikuwa kipande cha mwisho cha jora. Muuzaji alisema wazi kwamba kingine kama hicho hakitaletwa.

Jumatano jioni Shangazi alikitandaza mezani. Juu yake akaweka karatasi mbili alizozikata kwa umbo la gauni, moja ya mbele na moja ya mgongo, akazibana kwa pini na kuzizungushia chaki.

"Naenda kumpima jirani aliyeteguka mguu," alimwambia Njozi. "Usiguse kitu. Nikirudi nakata."

Njozi hakugusa kitu. Alilaza kidevu mezani akawatazama ndege. Aliwatazama mpaka akawaona wakipepea, na yeye yuko katikati yao, barabara ya shule iko chini, na kichwani amefunga skafu ya kitambaa kile kile. Skafu ile ilimkaa akilini ikakataa kutoka. Ndipo alipoona kwamba karatasi ya mgongo ikigeuzwa, upande wa chini ukawekwa juu, pembeni kungebaki ukanda wa kutosha skafu moja. Shangazi mwenyewe alifanya hivyo kila siku akikata sare za shule, ili kubana kitambaa. Njozi akachomoa pini, akageuza karatasi, akaibana upya. Akafuta chaki kwa kiganja na kuchora nyingine, tena kwa uangalifu. Jambo moja tu hakulifikiria: sare za shule hazina ndege.

Shangazi aliporudi umeme ulikuwa umekatika. Aliwasha taa ya mafuta, akachukua mkasi na kufuata chaki, huku akisimulia jinsi jirani alivyoteleza kwenye ganda la embe lake mwenyewe. Njozi alitaka kumwambia. Lakini mawazo yake yalikuwa bado yanaelea na skafu, na mkasi wa Shangazi ulipopita kwenye kitambaa ulitoa sauti tamu, kama mtu anayetafuna tango. Akajiambia atasema kesho.

Asubuhi Mama, aliyekuwa mpishi wa hospitali na siku zote wa kwanza kuamka, aliingia chumba cha mbele akaviinua vipande vile.

"Wifi," aliita, "hawa wa mgongoni mbona wameinamisha vichwa?"

Shangazi alikuja na mswaki mkononi. Alikipeleka kitambaa dirishani. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Ndege wa mbele walikuwa wanapaa. Wa mgongoni walikuwa wanashuka, wote, bila hata mmoja wa kumtetea fundi.

"Nimekata mimi mwenyewe," alisema polepole. "Ni macho, wifi. Nilijua siku hii itafika."

"Kuteleza si kuanguka," Mama alimwambia.

"Kwa mwenye mkasi ni kuanguka." Shangazi akauviringisha mkasi wake katika kitambaa, akauweka juu ya kabati. "Nitawarudishia watu mali yao kabla sijawaharibia na wao."

Njozi alikuwa mlangoni na mkoba begani. Alifungua mdomo, akaufunga, akatoka. Siku ile muuza maji alibaki na fulana yake iliyotoboka, na mama muuza mkaa hakupata gauni la rangi yoyote.

Wakati wa mapumziko alimweleza rafiki yake, ambaye darasa zima lilimwita Redio. Redio alisikiliza huku akila muwa.

"Umeulizwa?" alisema.

"Sijaulizwa."

"Basi umekwisha pona. Asiyeulizwa hajadanganya. Mimi mpaka niulizwe ndipo naongea."

Njozi alimtazama. Tangu wajuane, Redio hakuwahi kusubiri kuulizwa hata jambo moja.

"Lakini Shangazi anadhani anapofuka."

"Kwani ni mtoto? Atazoea," Redio alisema, akatema makapi. Hata hivyo hakumwangalia Njozi usoni, na muwa uliobaki hakuumaliza.

Jioni Njozi alikuta cherehani imefunikwa shuka. Mafurushi ya vitambaa yalipangwa kando ya mlango, na Shangazi alikuwa anamkabidhi mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, kitambaa chake cha suti.

"Mpelekee fundi wa sokoni," Shangazi alimwambia. "Yule bado kijana, anaona."

"Lakini mimi nimezoea mkono wako," mwalimu alisema kwa huzuni. Alikipokea, akashuka ngazi.

Njozi alilitazama shuka lile juu ya cherehani. Lilimtisha. Kwa mara ya kwanza hakuona nguo yoyote akilini mwake. Alimwona Shangazi tu, ameketi dirishani mikono mitupu, leo na kesho na mwaka ujao, kwa ajili ya skafu.

"Shangazi, macho yako mazima," alisema. "Mimi ndiye niliyeigeuza karatasi. Nilitaka kibaki kipande. Nikachora chaki upya, wewe ukafuata tu."

Shangazi alimgeukia. Kisha akauliza, "Na asubuhi, nilipokuwa pale dirishani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nijione kipofu, mwanangu."

Laiti angemgombeza. Njozi alilia kwa kwikwi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Shangazi alikwenda mlangoni, akaegemea mwimo.

"Mwalimu," aliita mtaani, "hebu nirudishie suti yangu."

Mkasi ukashushwa kabatini. Usiku usingefaa kwa kazi ile, kwa hiyo Ijumaa alfajiri Shangazi, Mama na Dada waliizunguka meza, na Njozi akashika pini. Mbele na mgongo vilipowekwa pamoja, ndege waligongana vichwa ubavuni, waliopaa na walioshuka. Hapo ndipo palipochukiza macho. Shangazi akatafuta kitambaa cheupe kisicho na picha, akaingiza ukanda mwembamba kila ubavu ili ndege wasikutane. Kile kipande cha skafu kikawa mkanda wa kiunoni.

"Nimejitahidi," alimwambia Dada. "Lakini wa mgongoni siwezi kuwageuza. Usipopenda, sema."

Dada alilivaa, akageuka mbele ya kioo, akatazama juu ya bega lake kwa muda mrefu.

"Mbele wanaondoka, nyuma wanarudi," alisema. "Nalitaka hivi hivi."

Mama, ambaye wiki nzima hakutaja safari ile hata mara moja, alisema pasi imepata moto kupita kiasi, akatoka nje kuipoza. Alikaa huko kitambo.

Jumamosi walimsindikiza Dada hadi kituoni, wakarudi nyumba ikiwa imepwaya. Shangazi alimwita Njozi mezani.

"Gauni limependeza, usinidanganye kwamba hulioni," alisema. "Lakini tulipata bahati, na bahati si fundi. Kukosea kukata si dhambi. Mimi nimewahi kumshonea mtu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Kosa lako lilikuwa dogo, ukalikuza kwa kunyamaza. Mwingine akibeba kosa lako nawe unatazama, huo ni uongo, hata kama hukuulizwa. Kitambaa kilikuwa na dawa siku zote. Mimi nusura niache kazi yangu, kwa neno moja ulilolimeza."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe jana. Leo nakufundisha."

Akamtandazia kitambaa cha mwalimu mstaafu, cha mistari myembamba, akampa chaki na karatasi ya mkono wa koti. Njozi aliilaza karatasi. Akaitazama mistari, akainama kuitazama tena kwa karibu. Kwa mbali aliliona koti likitembea barabarani, limemkaa mwalimu vizuri mno, na mkono wake ukaanza kuchora wenyewe. Akausimamisha.

"Shangazi," alisema, "njoo uangalie kwanza. Nadhani nimeiweka vibaya."