Mlango wa Nyuma, Upande wa Kulia

Asubuhi ya kwanza baada ya sherehe, mlango ulikuwa wazi kidogo tu, upana wa ukucha. Mlango wa nyuma, upande wa kulia, wa motokari ambayo hata paka hangeenea ndani yake. Anatole aliusukuma kwa ncha ya kidole, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, kisha akamwita mke wake na kumuuliza kwa sauti ya ofisini ni nani aliyegusa. Félicité alijibu kwamba hakuna aliyegusa. Alikuwa na beseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, anakwenda sokoni, na hakuwa na muda wa upuuzi.

Ngoja niwaeleze huyu Anatole ni mtu wa namna gani, maana nisipofanya hivyo mtamhurumia bure. Alikuwa naibu wa naibu katika ofisi moja hapa Baraka, kazi yake kupiga muhuri. Gari hana. Baiskeli hana. Kila asubuhi alipanda nyuma ya pikipiki ya jirani yake Bertin, na mita hamsini kabla ya ofisi aliteremka ili aonekane anafika kwa miguu, eti daktari amemwambia atembee. Lakini nyumbani, kwenye kabati ya vioo, alikuwa na motokari kumi na moja: zile nyeusi ndefu wanazopanda wakubwa wa China siku za gwaride, zimetengenezwa ndogo, za chuma, urefu wa rula ya shule. Milango inafunguka. Ukizungusha usukani, magurudumu yanageuka. Nyuma kuna mapazia ya kitambaa, na chini zulia ambalo unaweza kulichana kwa mswaki, na mtu mzima huyu alilichana kwa mswaki kila Jumapili wenzake wakiwa kanisani. Binamu yake Willy, anayekwenda Guangzhou kutafuta vitenge, ndiye aliyemletea moja moja. Mtoto wa jirani akisema ni jouet, kitu cha kuchezea, Anatole alimfukuza mpaka barabarani.

"Si jouet," alikuwa anasema. "Ni modèle. Échelle moja kwa kumi na nane." Yaani mfano wa gari la kweli, umepunguzwa mara kumi na nane.

Ya kumi na moja ndiyo iliyoleta balaa. Kwetu mtu akipata motokari mpya lazima aiarozé: bia inamwagwa kidogo kwenye magurudumu, mwenyewe anasema neno, majirani wanakunywa inayobaki. Anatole aliita avenue nzima, mtaa wote, kuja kuarozé kitu cha kuweka juu ya meza. Watu walikuja, bia ni bia. Alikuwa amemwalika pia mkubwa mmoja kutoka Fizi, na mkubwa hakuja wala hakujibu. Walingoja mpaka saa sita za mchana. Hapo Anatole akaona afadhali aringe kuliko kuaibika. Aliweka gari chini uani, akafungua mlango wa nyuma wa kulia, mahali wanapokaa wakubwa, akainamia hewa.

"Mukubwa," akasema, "hata kama hatukuone, kiti ni yako. Ingia. Njia ni yako, na dereva iko."

Chupa hakuishika mwenyewe. Wakubwa hawamwagi, alisema, na viatu vyake vilikuwa vimetiwa kiwi. Alimpa Félicité, naye akamwaga. Bia ilizama ardhini haraka mno. Bertin, aliyekuwa amecheka mpaka machozi, aliacha kucheka kwa sababu aliona kile kigari kikilalia kidogo upande wa kulia, kama gari la kweli linavyofanya mtu mzito akikaa. Angemwambia nani?

Basi, siku ya pili mlango ulikuwa wazi tena, na kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea. Siku ya tatu salon, sebule yenye kabati, ilinuka essence, petroli kabisa, na juu ya essence kulikuwa na marashi mazito ya kiume ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa nayo. Mnajua Anatole alifanya nini? Alifurahi. Alimwita Bertin aje anuse, amwambie kama hiyo siyo harufu ya motokari ya heshima.

Siku ya nne, saa sita kamili, Félicité alirudi kutoka sokoni, akakaa kwenye kigoda kupumzisha miguu, na mikono yake ikapanda yenyewe mbele ya kifua, ikashika kitu kisichoonekana, ikaanza kukizungusha taratibu. Mguu wa kulia ukakanyaga. Bertin alimkuta hivyo, macho wazi, hapepesi.

"Dada Félicité, iko nini?"

"Usiseme na nguvu," akajibu bila kugeuka. "Iko nyuma yangu. Tunapita Lweba."

Aliendesha saa nzima, barabara ya Uvira. Alisema wamefika Mboko, kuna lori limelala kwenye daraja, wanapita pembeni, kisha wakageuza. Alipozinduka alikuwa amelowa jasho, na kwenye nyusi zake kulikuwa na vumbi jekundu la barabara. Jioni wasafiri wa Mboko walifika wakilalamikia lori lililolala darajani tangu asubuhi. Bertin hakula siku hiyo.

Ikawa kila mchana. Swima. Makobola. Kila siku mbali zaidi, na kila siku alichelewa zaidi kurudi, mpaka ikafika siku Bertin alimkunjua vidole kimoja kimoja jua likiwa linazama. Félicité akamnong'oneza kwamba yule wa nyuma ameshaonyesha njia ya kesho: wakifika mwisho wa barabara hawageuzi tena, na dereva harudi. Bertin alikwenda kumwambia mume. Mume aliuliza ni motokari ipi kati ya zile kumi na moja mke wake anaendesha. Naapa, ndilo swali aliloliuliza.

Usiku huohuo Bertin aliwasha pikipiki mpaka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, akamleta Mama Kezimana, mkulima wa Burundi ambaye watu wanamfuata kwa maombi yake. Mama huyo aliingia, akanusa, akakataa kukaa. Aliuliza nani amekaribisha, wakamweleza. Hakucheka. Alisema hilo ni jini mpita njia, na majini wanapenda vyeo kuliko hata watu. Limesikia kuna nyumba ya mkubwa, likaingia. Mbuzi hahitajiki, wala dawa.

"Mulimukaribisha wawili," alisema, "mumoja na mudomo, mumoja na mukono. Kila mumoja amufungulie mulango. Mumuambie kweli mbele ya bale bale bantu: hapa hakuna mukubwa, hakuna motokari, ni jouet ya batoto. Atashuka na haya. Huyu mama, sijue kama atapata nguvu ya kusema kule njiani. Weye baba, weye iko na mudomo."

Félicité alimtazama mume wake. Hakumwomba, alimtazama tu.

Kesho yake avenue nzima ilisimama tena uani, safari hii bila bia. Saa sita mikono ya Félicité ikapanda. Mama Kezimana akamwashiria Anatole aseme. Anatole akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu," akaanza, "hii, kwa kusema kweli, si motokari ya kupanda. Ni modèle ya collection, na zilitoka chache sana..."

"Sema jouet," akasema Mama Kezimana.

"Tumepita Uvira," akasema Félicité, na sauti yake ilikuwa ya chini na iliyochoka, na harufu ya essence ikajaa uani mpaka watu wakaziba pua, na akasema njia imekwisha, mbele ni ziwa tupu, na yule wa nyuma anamwambia asikanyage frein, ile breki, na mguu wake wa kulia ukazidi kukandamiza udongo mpaka kisigino kikachimba, na maji yakaanza kumtoka puani, maji safi, baridi, yenye harufu ya samaki, yakishuka kwenye kidevu na kitenge, na watu wote wakamgeukia Anatole, na Anatole akafungua mdomo, akaiona avenue yote inamtazama, akamwona Bertin, mtu wa kumbeba kila asubuhi, Bertin aliyekuwa analia, akawaza kwamba huyu wa pikipiki atamsikia, na akaufunga mdomo wake.

Neno moja tu. Mwanamke anazama kwenye kigoda, na huyu anachunga heshima.

Ndipo Félicité alipoinua mkono wa kushoto kutoka kwenye usukani, kisha wa kulia, akatapika maji na kusema: "Shuka, mukubwa. Nilimwagia bia jouet ya batoto. Hapa hakuna motokari. Mi si dereva. Mi nauzisha ndagala."

Ndani ya nyumba, mlango mdogo wa chuma ulijifunga.

Alikaa siku mbili akikohoa maji. Siku ya tatu alichukua beseni yake, akapanda pikipiki ya Bertin, akarudi kwa kaka yake huko Kilembwe, na mpaka leo yuko huko, mzima, anauza ndagala. Anatole alipomuuliza kwa nini anaondoka, alimwambia Bertin awashe pikipiki, na alifanya vizuri.

Mchana wa siku ile ile majirani wakasikia injini. Ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa Anatole. Alikuwa amesimama mbele ya kabati, ananguruma, anabadilisha vitesse, gia juu gia chini, anapiga honi, midomo imepasuka na damu inachirizika kwenye koti. Tangu hapo kila siku anaanza saa sita, ananyamaza jua likizama. Nyuma ya vioo, milango ya nyuma ya kulia yote kumi na moja iko wazi, maana mkubwa hatembei bila msafara.

Bertin alimleta Mama Kezimana mara ya pili. Mama huyo alimsogelea Anatole, akamshika bega, akamwambia polepole, kama unavyomwambia mgonjwa, kwamba mkono umeshamfungulia jini mlango, bado neno moja tu, la mdomo, na jini litashuka. Injini ikazimika. Bertin mwenyewe alikuwa amefumba macho, anamwombea.

"Modèle," akasema Anatole. "Moja kwa kumi na nane."

Na kwenye kabati milango ikajifunga, mmoja baada ya mwingine, yote kumi na moja, na Anatole akavuta pumzi, akawasha injini.