Haifutwi, Inaguswa

Saa mbili asubuhi, geti la kiwanda cha maziwa ni honi, matope na matusi. Dereva mmoja karuka kutoka kwenye lori lake, akamkanyaga dada wa maabara kiatu cheupe.

"We kaka, hayo macho umewekewa urembo?"

"Yalikuwa urembo. Yamekuona, yameanza kazi."

Dada akacheka bila kupenda. Koti jeupe, kitambaa chekundu kichwani, kalamu sikioni. Kuanzia hapo simu hazikupoa. Dada akamwita dereva Honi, yeye akaitwa Mama Vipimo.

Mwezi wa tatu akayapima maziwa ya Honi kwa mashine ya pH, ile inayopima uchachu. Sita nukta moja.

"Yamechacha, mpenzi. Siwezi kuyapitisha."

"Sijasimama njiani hata kukojoa! Mimi mwongo?"

"Mashine ndo imesema."

"Basi olewa nayo!"

Bosi akamsimamisha Honi kazi siku hiyohiyo. Simu zikafa.

Kesho yake maziwa ya kila lori yakasoma yamechacha. Dada akashtuka. Akavua kifuniko cha kile kijiti cha kioo cha mashine: kikavu kama mfupa! Alisahau kukihifadhi kwenye maji yake. Akakilowesha asubuhi nzima, akapiga simu.

"Honi, kosa ni langu. Njoo uone mwenyewe."

Akaja kanuna, mikono kifuani. Bosi naye kasimama pembeni.

"Kabla mashine haijapima usichokijua," dada akasema, "unaionyesha unachokijua."

Akakitumbukiza kijiti kwenye chupa ya maji ambayo pH yake inajulikana ni saba. Namba zikacheza, zikatetemeka, zikatulia. Akabonyeza. Saba kamili. Akasuuza, akahamia chupa yenye pH ya nne. Nne kamili. Honi akasahau kununa. Ncha ya kile kioo nyembamba kama povu la sabuni, na ndiyo inayojua siri ya lita elfu kumi! Akashika karatasi laini aikaushe.

"Weee! Haifutwi, inaguswa tu. Ukiisugua inachanganyikiwa."

Akaigusa. Pumzi kaibana, kama anamshika kifaranga.

Dada akatoa kwenye friji chupa ya maziwa ya Honi ya jana. Akakitumbukiza kijiti. Sita nukta saba.

"Mazima," dada akasema.

Bosi akakohoa. "Kesho rudi kwenye lori lako," akasema, akatoka.

Machozi yakamshuka dada. Honi akachukua karatasi nyingine. Hakufuta. Akagusa tu, shavu hili, halafu lile.

"Mi niliropoka, Mama Vipimo. Usiolewe na mashine."

"Sasa niolewe na nani?"

"Na unachokijua."